Siku Niliyowagombeza Watu wa Usevya kwa Kuziba Masikio

Jamani, mimi nimeaibika, na nasema mapema kabla mtu hajanisimulia kisa changu mwenyewe, kama yule kaka wa stendi ya Mpanda aliyenihadithia chote mwanzo mwisho akidhani mhusika simjui (na alikosea sehemu tatu, nikashindwa hata kumsahihisha). Nimeaibika mbele ya wakulima wa mpunga karibu wote wa skimu yetu ya umwagiliaji ya Usevya, ndani ya ghala, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika maiki, tena maiki niliyoiomba mwenyewe. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba siku ile mwenye hasira nilikuwa mimi. Nilikwenda pale kuwaaibisha wao.

Naitwa Skola. Nimezaliwa Usevya ila sasa nimepanga chumba Nsemulwa, Mpanda, nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja pale mjini huku namalizia uzamili. Utafiti wangu nikimweleza mtu ananiangalia kama nimelewa: natengeneza sikio ndani ya kompyuta. Si hili la nje la kuning'inizia hereni, hapana, lile la ndani kabisa. Huko ndani kuna kijimfereji kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na kandokando yake kuna vinywele vidogo sana vimepangwa safu. Sauti ikiingia maji yanatikisika, vinywele vinainama, na kinywele kikiinama uzi wa fahamu ulioshikana nacho unapiga mpigo kwenda kwenye ubongo. Sauti nyembamba zinatikisa vinywele vya mlangoni, sauti nene zinaenda kutikisa vile vya mwisho. Mimi naiandikia kompyuta hesabu za hayo yote, naiingizia sauti, na yenyewe inanijibu kwa vidoti kwenye skrini, kila kidoti ni mpigo mmoja wa fahamu. Nikiondoa vinywele vya sehemu fulani, vidoti vya sehemu hiyo vinapotea, yaani unaona kwa macho kitu ambacho mtu hasikii.

Hapo kwenye macho naomba mpashike. Miaka miwili nimefanya kazi hiyo na sauti zenyewe nilikuwa sizisikilizi, kompyuta inajitengenezea sauti na kujisikiliza yenyewe, mimi kazi yangu kutazama vidoti. Mara moja tu nilijaribu kuitoa ile sauti nyembamba kabisa kwa spika za kompyuta, haikutoka kitu, nikalaani spika za bei rahisi nikaendelea na mambo yangu.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua ni kwamba nina hasira za karibu. Sijivunii. Pale Nsemulwa nimegombana na mama mwenye nyumba kwa sababu kila asubuhi ananigongea mlango, "Skola, zima hiyo simu yako inatupigia kelele," na mimi namwambia simu haijalia, kwa nini unanionea, kama unataka kunihamisha si useme. Nimegombana na wanafunzi wa kike wanaokaa nyuma darasani kwa kuuliza maswali kwa sauti isiyotoka. Sokoni nimegombana na dada wa nyanya, nikamwambia ukiongea na mteja fungua mdomo. Niliona dunia nzima imeanza kunong'ona, na nikaona ni ukosefu wa adabu wa siku hizi.

Sasa, baba yangu. Mzee Deo ndiye mgawa maji wa skimu, kazi yake kufungua na kufunga malango ya mfereji ili kila mtu apate maji ya majaruba yake ya mpunga kwa zamu. Kabla ya hapo aliendesha mashine ya kukoboa mpunga pale kijijini, miaka mingi sana, mimi nimezaliwa nikamkuta nayo na nimemaliza shule ya msingi nikamwacha nayo. Masikio yake yalikwisha huko. Nyumbani tunajua, hatusemi, kwa sababu Baba hataki isemwe, na yeye ana ujanja wake: ukimwambia kitu asichokisikia anatabasamu, anatikisa kichwa, anakujibu "sawa sawa."

Ndiyo hiyo "sawa sawa" iliyotuletea balaa.

Mama alinipigia simu siku ya Jumapili baada ya misa, akiwa analia. Kumbe wanawake wa skimu wamemshtaki Baba kwamba ana dharau, kwamba akiitwa na mwanaume anageuka hata kama yuko mbali, akiitwa na mwanamke anapita kama ameitwa na upepo. Aliyebeba mashtaka ni Mama Jenista, mjane, mchapakazi, mwenye majaruba matatu karibu na lango la pili. Siku moja maji yalikuwa yanamwagikia kwa jirani badala ya kwake, akamwita Baba mara tatu, Baba akapita. Akamkimbilia, akamsimamia mbele, "Baba Skola, maji leo unanipa au hunipi?" Baba akatabasamu, "sawa sawa," akaenda zake, na miche ya yule mama ikakauka. Mkutano wa kumtoa Baba kwenye kazi umepangwa Alhamisi.

Niliwaka. Baba yangu na dharau! Mtu ambaye hajawahi hata kumkemea mbuzi! Jumatatu nikapanda gari la asubuhi, nikapita Sitalike na pori lote lile bila kutazama hata kiboko mmoja, njia nzima natunga hotuba. Kwa sababu mimi jibu nilikuwa nalo. Baba hadharau wanawake, vinywele vyake vya mlangoni vimekufa, sauti za wanaume nene anazipata, sauti nyembamba za wanawake zinafika zimekatika. Jambo la kisayansi kabisa, na mtu pekee Katavi nzima wa kulionyesha kwa vidoti alikuwa mimi.

Mama aliniambia neno moja la maana nikalikataa, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. "Mwanangu, mchukue baba yako umpeleke Mpanda hospitali, wampime, wamwandikie cheti, tuje nacho kwenye mkutano." Mpaka hapo angalieni jinsi ilivyokuwa rahisi. Kwenda, kupimwa, kurudi na karatasi. Lakini mimi nikasema Mama, cheti watasema tumehonga, hawa nitawaonyesha kwa kompyuta, waone kwa macho yao, waombe msamaha wote.

"Na baba yako umemwambia?"

Nikasema namwambia sasa hivi. Baba alikuwa uani ameinama ananoa jembe, nikasimama nyuma yake nikamweleza mpango wote, kwamba nitamkalisha mbele ya watu, nitatoa sauti kwenye spika, atanyoosha mkono akisikia, na watu wataona. Baba akasema, "Sawa sawa."

Nikamrudia Mama nikamwambia amekubali.

(Ndiyo. Najua. Na wakati ule sikujua.)

Alhamisi ghala lilikuwa limejaa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, wengine wamekalia magunia, watoto wachanga migongoni. Nilikuwa nimemwomba Fundi Simoni, yule anayepiga muziki kwenye maharusi, alete spika zake mbili kubwa na jenereta, akazipanga zikitazama watu, mimi na meza yangu tukawa nyuma ya spika. Kompyuta nikaiunganisha na projekta niliyoazima shule ya sekondari, ikamulika ukutani: picha ya juu nimeiandika SIKIO ZIMA, ya chini nimeiandika SIKIO LA BABA. La Baba nililitengeneza kwa kukisia, sikumpima mtu yeyote, niliondoa tu vinywele vya mlangoni nikaona panatosha.

Mwenyekiti wa skimu, Mzee Gaspari, mwenye sauti ya kutikisa bati, akafungua mkutano, akasema kabla ya kura binti wa mtuhumiwa ana maelezo. Nikachukua maiki. Mngeniona! Shingo juu, kitenge kipya, nikaanza kuwaeleza habari za kijimfereji na vinywele, nikawaambia mfereji wa sikio ni kama mfereji wetu, wa mlangoni ndio wanaopigwa na kila maji yanayoingia, ndiyo maana wanaharibika kwanza. Nikadhani nimepatia. Kumbe nimemwaga petroli.

"Hayo ndiyo tunayosema siku zote!" mama mmoja wa lango la kwanza akasimama. "Sisi wa mlangoni ndio tunaoharibiwa!"

"Nyie wa mlangoni mnakunywa maji yote!" akajibiwa kutoka nyuma. "Sisi wa mwisho tunapata tope!"

Ikawa vurugu, nusu saa nzima watu wanagombania mfereji ambao ulikuwa ndani ya sikio, Mzee Gaspari anagonga meza, na mimi nabwata kwenye maiki kwamba jamani huu ni mfano, huu ni mfano tu. Walipotulia nilikuwa nimeshalowa jasho na hasira zimenifika hapa.

Nikamwita Baba mbele. Akanitazama. Nikamwonyesha kiti kwa kidole. Akaja polepole na kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Skola, kuna nini?" na hapo ndipo nilipotambua kwamba Baba alikuwa hajui chochote, kwamba siku ile uani hakunisikia hata neno moja. Ningeacha pale pale. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini watu wote wanatazama, projekta inawaka, nikamwinamia usoni nikamwambia kwa nguvu, "Baba, ukisikia sauti nyoosha mkono!" na spika za Simoni zikayatoa maneno yangu mpaka barabarani. Baba akayaona macho ya watu. Akakaa, akaweka kofia gotini. Sijawahi kumwona mtu akikaa kwenye kiti kwa heshima vile na kwa uchungu vile.

Sauti ya kwanza, nene. Baba akanyoosha mkono. Ukutani vidoti vikajaa upande wa kulia, picha zote mbili. Watu, "Aaa!"

Sauti ya pili, ya kati. Baba akasita, akanyoosha. Watu, "Eee!"

Sauti ya tatu, nyembamba. Nikabonyeza.

Kimya.

Yaani kimya kabisa. Baba hakunyoosha mkono, sawa, ndivyo nilivyotaka, lakini na spika hazikutoa kitu. Nikamgeukia Simoni. "Fundi, spika zako zimekufa."

"Zinalia, dada," akasema.

"Zinalia wapi?"

"Hapa. Zinalia."

Nikamwona anatabasamu, nikasema huyu naye ananifanyia masihara. "Ongeza!" Akaongeza kidogo. Kimya. "Ongeza tena, wewe vipi?" Akaongeza huku amekunja uso. Kimya. Na mimi nikageuka kuwatazama watu niwaombe radhi kwa mitambo mibovu ya Fundi Simoni, nikakuta nini? Wameziba masikio! Wanawake wameziba kwa vidole, wazee wameziba kwa kofia, watoto migongoni wanalia midomo wazi, mama mmoja amejifunika khanga kichwa kizima.

Sasa nawaombeni mjiweke mahali pangu. Nimetoka Mpanda kumtetea baba yangu, fundi muziki ananicheka, mitambo imekufa, na watu wazima, wakulima, watu wa jumuiya, watu waliokula harusi kwetu, wameziba masikio mchana kweupe kunionyesha kwamba hawataki kusikia utetezi wangu. Ndivyo nilivyoelewa. Nilielewa hivyo kwa moyo wangu wote.

Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo adabu ya watu wa hapa?" nikasema. "Mnamwita baba yangu mwenye dharau, na nyie mnafanya nini? Mnaziba masikio! Mbele ya mzee! Mkiwa na watoto migongoni, mnawafundisha nini? Huyu amewagawia maji miaka yote, na leo dakika tano tu za kumsikiliza mnajiziba kama mmeona mzoga! Mama Jenista, na wewe! Toa vidole! Nimesema toa vidole masikioni!"

Nilisema mengi zaidi. Nilitaja watu kwa majina. Nilimtaja mpaka mwenyekiti, ambaye naye alikuwa ameziba, nikamwambia kiongozi mzima unaziba masikio, hapo utasimamia kura ya haki? (Mama yangu alikuwa mstari wa pili ananipungia mikono yote miwili, acha, acha, na yeye pia nikamwona anaziba, nikasema moyoni hata Mama!)

Mama Jenista akainuka. Akapita katikati ya watu, bega moja limebana sikio moja na kidole kiko kwenye jingine, akaja mpaka mezani, akanishika mkono. Nilidhani anataka kupigana, nikajiandaa. Akanivuta mpaka mbele ya spika, akamwonyesha Simoni ishara ashushe kidogo, kisha akaniwekea mdomo karibu kabisa na sikio.

"Mwanangu, hii husikii?"

"Nini?"

"Hii. Inayolia. Inayotutoboa masikio tangu saa ile."

Nikasikiliza. Nilisikia jenereta nje. Nilisikia mtoto analia. Nikamtazama Simoni, hakuwa anacheka tena. Nikainua macho ukutani. Picha ya juu, SIKIO ZIMA, upande wa kushoto vidoti vimejaa mpaka vimekuwa weusi mtupu, nyuzi zinapiga, zinapiga, sauti ipo, kubwa. Picha ya chini patupu. Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa imeniambia muda wote ule. Ghala zima lilikuwa kwenye picha ya juu, na kwenye picha ya chini, pale nilipoandika kwa mkono wangu SIKIO LA BABA, tulikuwa wawili.

Simoni akazima. Nilijua amezima kwa sababu mikono ya watu ilishuka yote kwa pamoja.

Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Niliwaza mama mwenye nyumba na mlango wake wa kila asubuhi. Niliwaza wale wasichana wa nyuma darasani, nilivyomtoa machozi mmoja wao. Dada wa nyanya. Miaka yote nimewatukana watu kwa kunong'ona, na hakuna mtu aliyekuwa ananong'ona.

Baba hakuwa amesikia maneno ya Mama Jenista, lakini alikuwa ameona. Mtu asiyesikia anaona sana. Akainuka kitini.

"Skola," akasema. "Na wewe?"

"Sijui, Baba," nikasema, na alinisoma mdomo.

Akaichukua maiki mkononi mwangu. Baba yangu hajawahi kushika maiki, aliishika kama anashika mpini, mbali na mdomo, ikabidi Mzee Gaspari amsogezee.

"Mimi siwasikii," Baba akasema. "Wanawake siwasikii. Watoto siwasikii. Si dharau. Niliona aibu kusema, nikawa naitikia sawa sawa. Mama Jenista, miche yako nimeiua mimi, sikusikia. Ni ile mashine." Akanitazama mimi, si watu. "Na huyu nilikuwa namlaza kwenye magunia pale pale pembeni ya mashine, akiwa mchanga. Mama yake alikuwa anapepeta nje, jua kali. Nikaona ndani ndiko kwenye kivuli. Alikuwa halii. Nikawa nawaambia watu, mtoto huyu ni mpole, hashtuki hata na mashine."

Akairudisha maiki mezani taratibu, akavaa kofia.

Mama Jenista alikuwa analia na amekasirika kwa wakati mmoja. "Si ungesema, Baba Skola! Ungesema tu! Msimu mzima nakuchukia bure!" Alimsemea usoni kabisa, kwa nguvu, mate yakamrukia, na Baba akasikia, akaitikia, safari hii si kwa sawa sawa.

Kura haikupigwa. Walikubaliana kwamba Baba abaki kwenye kazi, na anayemtaka kwenye mfereji asimwite, aende mbele yake apunge kitenge. Kuna mzee mmoja alipendekeza watu wapewe filimbi, ghala zima likamgeukia, akakaa. Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka nao, nikalia nao, halafu nikawaomba radhi mmoja mmoja kwa majina yale yale niliyowataja. Mzee Gaspari nilimwomba mara mbili.

Sasa hasira zangu. Msidhani ziliisha. Zilihama tu. Siku ile ile jioni Mama alinikumbusha kitu nilichokuwa nimekisahau: yule mwenye mashine, tajiri aliyemwajiri Baba (jina lake nalihifadhi, na kijijini hayupo tena), alikuwa anakuja mara moja kwa wiki kuangalia kazi, na kila akiingia pale ndani alikuwa anaziba masikio kwa vidole viwili. Anaingia ameziba, anazunguka ameziba, anatoka ameziba. Alijua! Alijua kwamba zile kelele si za mtu kukaa nazo hata robo saa, na akamwacha baba yangu akae nazo kutwa, miaka na miaka, na mtoto juu ya magunia, na hakusema neno, hata kipande cha pamba hakuwahi kuleta. Kumbe mimi maishani mwangu nilishawahi kumwona mtu wa kumgombeza kwa kuziba masikio, na huyo sikumgombeza, nilimwamkia, "Shikamoo," nikiwa na miaka sita, na akaniitikia kwa kichwa kwa sababu vidole havikutoka.

Wiki iliyofuata nilifanya kile Mama alichosema tangu mwanzo. Nilimchukua Baba mpaka Mpanda hospitali, na Mama akaja nyuma yetu, hakutuamini tena. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, mimi nimeshaanza kuchemka, nasema hawa manesi wanaturuka, watu waliokuja nyuma yetu wameshaingia, hii ni dharau, nainuka nikawaambie, na Mama akanipiga begani.

"Ameshawaita mara tatu," akasema. "Wote wawili."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, binti mdogo mwenye sauti nyembamba. Nikamwamkia kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuwa nao.

Walitupima mmoja baada ya mwingine kwenye kile chumba kidogo, wakatupa kila mtu karatasi yake yenye mstari wa masikio yake, unakwenda vizuri halafu unatumbukia shimoni pale penye sauti nyembamba. Baba hajasoma mambo hayo. Alizichukua zote mbili, akazishika kwenye mwanga wa dirisha, moja kushoto moja kulia, akazitazama muda.

"Ipi yangu?" akaniuliza.

Mimi ndiye mtaalamu, jamani. Mimi ndiye wa uzamili. Nilizitazama zile karatasi, mistari miwili, shimo la kwake lina kina zaidi kidogo au la kwangu, sikuweza kusema. Ilibidi nizigeuze nisome majina.

Watu wote wa Usevya husema nimefanana na Mama. Baba akazikunja karatasi zote pamoja, akaziweka mfuko wa shati, hakunirudishia ya kwangu. Tulipofika nje akanishika mkono kuvuka barabara, mimi mtu mzima, akanivusha, kwa sababu pikipiki zilikuwa zinakuja na alijua sasa kwamba hata mimi sizisikii vizuri.

Nimebadilisha yale maneno kwenye kompyuta. Picha ya chini sasa imeandikwa SIKIO LANGU. Na nimeapa mbele ya Mama na mbele ya mama mwenye nyumba, niliyemnunulia khanga ya kumwomba radhi: mtu akiniambia simu yangu inalia, inalia. Naenda kuizima, simwulizi kitu.